Shufaa na Gamba la Meno

Shufaa binti Tahiri alimaliza darasa la saba pale Kibiti bila mtu kuyaona meno yake akicheka. Kucheka alicheka, tena sana, ila mkono ulitangulia mdomoni kabla ya sauti. Meno yake ya mbele yalipandana, na mawili yalichomoza hata midomo haikufunga vizuri. Watoto wenzake walimpa majina ambayo sitayaandika hapa, maana wenyewe leo ni watu wazima na wanayaonea aibu.

Biashara ilipoachiwa huru, duka la khanga la baba yake, lililokuwa na rafu tupu miaka nenda rudi, likajaa tena. Watu walidhani Tahiri atanunua gari. Yeye alimpeleka bintiye Dar es Salaam kwa daktari wa meno aitwaye Amal, mwanamke wa maneno machache, naye akamfunga nyaya. Kwa miaka miwili na ushei Shufaa alikwenda na kurudi, kinywa kikiuma, akila uji na ndizi za kuponda. Nyaya zilipotolewa mwaka 1996 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na meno yamejipanga kama punje za hindi bichi. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kumtazama kama mtu aliyerudi Hija.

Furaha hiyo haikumaliza miezi minne.

Shufaa alilala chumba kimoja na Bi Waride, bibi yake mzaa baba. Asubuhi moja wakipiga mswaki uani, bibi akamwuliza, "Mke mwenzangu, hivi unatafuna nini usiku?"

"Mimi? Sili kitu, bibi."

"Basi unasaga meno. Krrr, krrr, kama mtu anayeburuza chungu sakafuni. Leo siku ya tatu nakusikia."

Shufaa akajishika taya. Sasa alielewa kwa nini taya zilimwuma kila akiamka, na kwa nini hata muhogo wa kuchemsha ulikuwa unamshinda. Akapitisha ulimi kwenye meno ya mbele, na jino moja likamkwaruza. Lilikuwa limemegeka ncha.

Bi Waride alikuwa na jibu, nalo ni jibu la kila nyumba ya huku: minyoo. Mbegu za papai zikasagwa, vidonge vikanunuliwa. Shufaa akameza vyote, na meno yakaendelea kusagana. Shangazi yake akasema ni jicho la watu, meno yale yamesifiwa mno. Likaandikwa kombe, aya za Kurani sahanini zikaoshwa kwa maji, akanywa nalo. Mwisho akamwambia baba yake, "Baba, niliyefungwa nyaya ni mimi. Acha nimrudie aliyenifunga."

Daktari Amal alilitazama jino, akalilainisha pale lilipomegeka.

"Si minyoo, wala hujalogwa," akasema. "Wengi wanasaga meno usingizini na hawajijui. Ila wewe una hatari mbili. Unayala meno yako mwenyewe, na meno yaliyonyooshwa juzi hayajashika sawasawa. Ukiyasukuma kila usiku yatarudi yalikotoka."

Akamng'atisha kitu laini kama ugali mbichi, akapata alama za meno. Baada ya wiki Shufaa akarudi kuchukua gamba la plastiki ngumu, jembamba, linaloyafunika meno ya juu yote. Masharti yalikuwa matatu: alivae kila akilala, alioshe kwa maji baridi, asiliache juani.

Siku za mwanzo lilimtoa mate hata mto ukalowa. Asubuhi nyingine alilikuta sakafuni, amelitema bila kujua. Hakuacha. Mwezi wa pili taya zikaacha kuuma, na Bi Waride akakiri kwamba chungu hakiburuzwi tena.

Ni Bi Waride huyo huyo aliyeleta balaa. Mwisho wa mwaka 1997, kwa wema wake, aliona kitu kinachokaa mdomoni hakifai kuoshwa kwa maji baridi tu. Akakichemsha jikoni. Shufaa alipotoka dukani alilikuta gamba limejikunja kama ganda la chungwa.

"Nilitaka kukusafishia, mwanangu," bibi akasema.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata barabara. Magari yalikwama huku na huku, na kila asubuhi Shufaa aliamka na taya zimekaza. Tahiri akasema wangoje maji yapungue. Bi Waride akafunga khanga kiunoni.

"Aliyeharibu ni mimi. Nitakwenda naye."

Waliondoka alfajiri. Mahali palipokatika walishuka, wakavuka matope yaliyowafika magotini, wakapanda gari jingine upande wa pili. Wakafanya hivyo mara mbili. Bi Waride alipoteza ndala moja. Waliingia kwa daktari siku ya pili, bibi akiwa na mguu mmoja mtupu.

"Shikamoo, bibi," daktari akasema.

"Marahaba. Mtengenezee huyu gamba jingine, na mimi nifundishe kuliosha."

Mwaka uliofuata Shufaa akaposwa na Habibu, mwalimu wa Mahege. Kungwi wake, Bi Mwanahalima, akamshauri aliweke gamba kando siku saba za fungate, mume asije akashtuka. Shufaa akakataa. Kabla ya ndoa alimwita Habibu barazani, bibi akiwapo, akafungua kiboksi.

"Mimi nasaga meno nikilala. Hiki navaa kila siku, na sitakiacha kwa ajili ya mtu. Bora ujue sasa."

Habibu alilitazama gamba, kisha akamtazama yeye. "Mimi nakoroma," akasema. "Ndugu zangu walinihamishia banda la uani. Nilikuwa sijui nikwambie vipi."

Bi Waride akajipiga kofi pajani. "Mume wangu huyu, nimempitisha!"

Mwaka 1999 Shufaa alikwenda kukaguliwa, bibi na mume wakimsindikiza. Daktari Amal akashusha kutoka kabatini sanamu ya plasta ya meno yake, iliyochukuliwa siku nyaya zilipotolewa. Akaigeuza huku na huku, akilinganisha jino kwa jino.

"Hakuna lililosogea," akasema. "Na hakuna jipya lililomegeka."

Kisha akaliinua gamba kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa na mifereji na mikwaruzo upande mzima wa chini, na pembeni limelika hata karibu kutoboka.

"Tazameni. Haya yote yangekuwa kwenye meno yake."

Shufaa alilishika, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo ile, mmoja mmoja. Kila mfereji ulikuwa usiku alioushinda. Machozi yakamtoka huku anacheka.

Daktari akamwambia gamba limezeeka, atampa jipya, na akaomba hilo la zamani akawaonyeshe wanafunzi wake.

"Chukua," Shufaa akasema. "Waambie ni la mtu wa Kibiti."

Bi Waride hakungoja zaidi. Alisimama katikati ya chumba cha daktari akapiga kigelegele, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje, wakishika mashavu yao, wakageuza shingo kutazama kuna harusi gani.