Gunzi kwenye Bomba

Fundi hapa Same amechomoa bomba la kupumulia la gari langu. Limeziba kabisa. "Injini isipopumua, mama, oili inatokea popote," ananiambia, akinipa nilishike. Nalinusa, na hasira inanipanda kama nina miaka saba.

Baba ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha ujamaa. Bomba la kupumulia la injini lilitokeza nje, karibu na mlango wa ofisi ya mwenyekiti. Siku moja, nikiwa na miaka saba, tuko kwenye foleni na mahindi yetu, oili ikaanza kuruka kila upande, hadi ndani ya unga wa watu. Injini ikakoroma, ikafa.

Mwenyekiti akatoka ofisini na shati lake jeupe. "Mnamwona mhujumu?" akafoka, akimnyooshea baba kidole. Baba akainamisha kichwa. Baba yangu, mbele ya watu wote wale!

Mama akazunguka nje. Akarudi na gunzi la mahindi linalochuruzika oili. "Nimelitoa kwenye bomba. Nani kalishindilia?"

"Mimi," mwenyekiti akasema, bila hata haya. "Moshi wenu unanichafulia shati. Lakini anayeendesha mashine si mumeo?"

Mama, aliyekuwa akimpigia magoti kila asubuhi kwa shikamoo, akamsogelea. Akafuta viganja vyake vyote viwili kwenye lile shati jeupe la mwenyekiti, taratibu, mpaka vikatakata.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo limechafuka."