Tajiri wa Simu Ng'ambo ya Ruvuma

Mke wangu alinikataza. Naliweka hilo mbele kwa sababu atayasoma haya, na asipolikuta hapa juu ataliandika mwenyewe pembeni kwa kalamu nyekundu.

Tulikuwa tumepanga Rahaleo, Mtwara mjini, chumba na sebule, na yeye alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imebaki kama mwezi hivi. Mimi nikaingiwa na wazo la mbuzi. Mbuzi wa akika, wa kumchinjia mtoto mchanga, pale mjini walikuwa hawashikiki kwa bei, na kijiweni Shangani kulikuwa na jamaa mmoja asiyechoka kutusimulia kwamba ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, mbuzi ni kama bure. Mke wangu akasema, "Mtoto hajazaliwa, hujui wa kike au wa kiume, hujui mmoja au wawili, wewe unakwenda kumtafutia kitoweo?" Nikamjibu kwamba mtu hajiandai siku ya shughuli.

Nikamwahidi nitarudi mapema, na kwamba adhana ya mtoto wetu nitaitoa mimi. Kwetu mtoto akizaliwa baba yake humwadhinia sikioni, ili maneno ya kwanza ayasikie kwa sauti yake. Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni mpaka majirani wakauliza kama nimepata kazi msikitini.

"Baba yako mdogo keshaanza kusafisha koo," mke wangu akaniambia. Baba mdogo ni mtu mwema, ila ana sauti ya kuuzia samaki mnadani na hapitwi na shughuli ya mtu. "Usipokuwepo ataadhini yeye. Na mimi sitaki mwanangu aianze dunia kwa kupigiwa kelele."

Nikaondoka. Hela zote nikaziacha kwenye simu, isipokuwa nauli ya kwendea, na hapo nikajiona mjanja kuliko wafanyabiashara wote wa Mtwara. Mtoni mtu hulowana, na huibiwa pia, lakini hela ya simu hailowani. Jamaa wa Shangani alikwishanihakikishia kwamba ng'ambo yuko wakala wa kutolea.

Nilipovuka mto na kufika kijijini nikaonyeshwa banda la wakala huyo. Kuku alikuwa anaatamia mayai ndani yake. Wakala mwenyewe, wakaniambia, biashara ilimshinda na sasa anakaa Mtwara, huko huko nilikotoka. Mtandao wa Tanzania ulikuwa haushiki, na simu ikahangaika kuutafuta mpaka ikaishiwa chaji. Nikarudi mtoni mbio kumwomba mwenye boti anivushe, nitamlipa nikifika kwetu.

"Kaka," akasema akiwa anawasha mashine, "kila anayevuka hapa ana hela ng'ambo. Sijawahi kumpakia maskini hata mmoja."

Akaenda zake. Kesho yake zikaja habari kwamba mashine imeharibika, imepelekwa Mtwara kwa fundi, na mpaka ipone hakuna boti.

Nilikuwa nchi ya watu bila senti, na balaa kubwa ni kwamba sikufanana na mtu asiye na senti. Nilivaa viatu vipya na shati lililopigwa pasi. Habari zikaenea kwamba amekuja tajiri wa Tanzania kununua mbuzi. Watu wakawa wananiletea mbuzi niwatazame, nami kwa aibu nikawa nafungua midomo yao na kukagua meno, natikisa kichwa, nasema huyu bado mdogo. Wale mbuzi wangejua njaa niliyokuwa nayo wangekata kamba. Na tajiri hakaribishwi chakula. Watu huona haya kumwekea ugali wa muhogo mbele yake. Nikakaa barazani kwa msikiti kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, nikisalimiwa kwa heshima zote na kila aliyekuwa anakwenda kula.

Aliyenitoa pale alikuwa ajuza mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani. Alisimama akanitazama, ndoo haitikisiki.

"Wewe nnume, umekaa hapo tangu jua la utosi. Unangoja imamu akuozeshe?"

Nikacheka, sauti ikatoka imekauka. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamweleza, na nikaongeza kwamba bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande ule ule wa mto, kijiji gani sikijui. Kumbe hilo lilimtosha.

"Basi mimi bibi yako. Na bibi ni nke. Inuka twende nyumbani, nnume wangu, unaniaibisha kulala njaa msikitini kama hukuoa."

Kila Mswahili anaujua utani wa bibi na mjukuu. Nilikua nao. Lakini sikuwahi kuutegemea kwa tonge. Mtu mzima kuomba chakula ni kazi ngumu, ulimi unakuwa mzito, na mimi najijua, ningekaa na njaa yangu mpaka nianguke. Yule bibi hakunipa nafasi ya kuomba. Alinigeuza mume, na mume akila kwake hajaomba kitu. Niliielewa hisani hiyo nikiwa katikati ya sahani ya kisamvu, nikainamisha uso, maana machozi yalikuwa karibu.

"Kisamvu kina pilipili?" akaniuliza.

"Kidogo, bibi."

"Hakina hata moja. Kula."

Asubuhi akanipa jembe twende porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni tunavyochemsha kusini kwetu. Mng'oko unachimbwa kwa subira, unafuata mzizi kwa mkono mpaka mwisho. Mimi nilichimba kama natafuta bomba la maji. Kila nilioutoa ulikuwa vipande. Wanawake waliokuwa nasi wakaketi chini kwa kicheko, wakamuuliza bibi kampenda nini mume huyu. "Viatu," akasema. Kijiji kizima kikaniita mume wa viatu, na watoto wakiniona wananiuliza mke wangu mzee ameamkaje.

Nikicheka nao, moyo ulikuwa Rahaleo. Siku zikawa wiki, boti haikuja, na kila nikisikia adhana ya kijiji nilimwona baba mdogo akivaa kofia. Mwisho nikamweleza bibi yote, pamoja na mimba na ahadi yangu. Alisikiliza akimenya muhogo, kisu hakikusimama.

"Una nke mwingine, tena ana mimba, umenificha siku zote hizi," akasema. "Mambo ya wanaume. Simu yako iko wapi?"

Alikuwapo pale mtu mwenye sola aliyechajia watu simu kwa malipo. Bibi akampelekea bakuli la ming'oko, iliyochimbwa na yeye mwenyewe, si yangu. Simu ikachomekwa, kisha mwenye sola akaichomoa ili asikilize mpira kwenye redio, nikarudishiwa ikiwa na chaji ya kuombea dua. Bibi akanipeleka nje ya kijiji, penye kichuguu kirefu kumpita mtu. Wenyewe wanakiita Tanzania. Ukikipanda juu mtandao wa kwetu unashika. Ukishuka umerudi Msumbiji.

Nikapanda na viatu vyangu. Simu ikashika, nikapiga, mke wangu akapokea kabla haijaita vizuri.

"Uko wapi?"

"Juu ya kichuguu."

"Nimejifungua alfajiri," akasema. "Wa kike. Baba mdogo yuko mlangoni, nimemwambia mwenye mtoto anakuja. Nyumba nzima imenikasirikia. Adhini sasa hivi, namwekea simu sikioni."

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nikaelekea kibla kwa kukisia, nikaanza. Niliadhini kwa sauti ya chini nilivyoweza, lakini sauti ikapanda yenyewe. Watu wakatoka majumbani. Muadhini wa kijiji akatoka akitazama jua, akidhani amepitiwa na wakati. Chini ya kichuguu bibi alikuwa amejitanda kanga kichwani, anaitikia kila neno. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na siafu wananipanda.

Nilipofika hayya alal-falah, simu ikazima.

Nikaendelea peke yangu mpaka mwisho, namwadhinia mtoto kwenye simu iliyokufa. Niliposhuka bibi akaniuliza kama imefika. Nikasema imefika nusu. Hakunitania. Alinipangusa siafu shingoni, akaniambia twende nyumbani.

Boti iliporudi, bibi alinisindikiza mpaka mtoni. Mwenye boti akafungua kinywa kuuliza nauli, na bibi akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akamtajia. Bibi akamwambia alimbeba mama yake mgongoni, na kwamba anayesafiri leo ni mumewe na ana mtoto mchanga. Nikavushwa, nikalipa nilipofika upande wetu.

Njiani nilijipa adhabu. Mtoto wangu ameadhiniwa nusu. Nusu nyingine bila shaka baba mdogo ameimalizia kwa ile sauti yake. Nilifika Rahaleo bila mbuzi, kisigino cha kiatu kimebanduka. Mama mkwe akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akasema adhana ilikuwa nzuri, wote wameona simu ikikaa sikioni kwa mtoto mpaka nikamaliza.

Sikuelewa. Nilingoja watu watoke chumbani, nikamwambia mke wangu simu yangu ilizima kabla ya mwisho.

"Najua," akasema. "Niliiacha pale pale sikioni kwake. Baba mdogo alikuwa keshaweka mguu ndani. Nikainama kama nambusu, nikamalizia mwenyewe."

"Wewe?"

"Kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesikia ila yeye." Akamrekebisha mtoto kifuani. "Uvuke mto wote ule, upande na kichuguu, halafu aje mwingine akumalizie?"

Mtoto huyo sasa yuko shule, na hajapata kushindwa ubishi na mtu. Akitubishia, mimi husema ni ile sehemu aliyoadhiniwa na mama yake. Mama yake husema ni ile yangu.