Baba Alipoingia Kula Jikoni

Baba aliporudi Misigiri kutoka vita vya Waingereza, mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Wiki ya kwanza alikula uani na kaka yangu, kama wanaume wote wa Iramba. Wiki ya pili alibeba kigoda chake, akaingia jikoni na kuketi kati yangu na mama.

"Nitakula hapa," alisema.

Bibi, mama yake mzazi, alibaki ameshika mwiko. Baadaye alinivuta pembeni. "Ana jambo huyo. Jihadhari."

Nilikwishahisi. Baba hakutazama chakula chake, alitazama mkono wangu. Nikimega tonge la ugali wa uwele, macho yake yalilifuata mpaka kwenye mlenda, mpaka kinywani. Na siku mbili kabla hajahamia jikoni, wageni kutoka Nduguti walikuwa wamezungumza naye kwa sauti ya chini habari za ng'ombe. Nikajua anataka ninenepe aniozeshe. Basi nikawa nakula matonge matatu tu, nanawa.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, baba."

"Kwa matonge matatu?"

Nikainuka kuosha vyungu.

Siku moja aliingia na bakuli la maziwa ya mgando na yai la kuchemsha, akanisogezea. Kwetu msichana hali yai. Tuliambiwa atazaa watoto wasio na nywele.

"Unataka kumharibu mtoto?" bibi aliuliza.

Nikalisukuma yai. Hofu ilinitoa maneno: "Baba, nimewasikia wale wageni. Sitaki kuolewa."

Alinikodolea macho. "Wale? Walikuja kuomba malisho ya ng'ombe wao."

Sikumwamini. Akaona.

"Dada yako alikufa mwaka wa ukame, mimi nikiwa Burma," alisema taratibu. "Barua ilisema homa. Niliporudi nikamuuliza kaka yako mwaka ule walikula nini. Akasema maziwa hayakukosekana. Nikamuuliza, na dada zako je? Akasema hajui, hakuwahi kuwaona wakila. Ndiyo maana nimekuja kuona."

Mama aliinamisha uso. "Yalikuwa machache," alisema. "Tuliwapa wanaume kwanza."

Bibi aliweka mwiko chini, akatoka.

Baba alimenya lile yai, akaligawa kwa kisu, nusu kwa mama, nusu kwangu. Mama alikula yake bila kuinua macho. Mimi niliishika yangu muda mrefu, nikimchunguza baba usoni, nikitafuta ule ujanja niliokuwa na hakika upo. Niliona tu mtu aliyechoka. Nikala. Nikashushia kwa maziwa.

Aliendelea kula nasi mpaka nilipoolewa, miaka mitano baadaye, na mtu niliyemkubali mwenyewe. Bibi alihamishia bakuli lake chumbani kwake, na kwa mwezi mzima hakusema na mwanawe zaidi ya kuitikia shikamoo.