Matusi ya Mapasa

Mama Mbuyu wa Kolwezi amezaa mara nyingi, lakini uzazi mmoja tu ndio uliompa cheo: Kyungu na Kabange, pacha. Tangu siku hiyo jina lake la ubatizo lilikufa. Ni Mama Mapasa, mama wa pacha, sokoni na Mama Mapasa kanisani. Hata padri humwita hivyo, ingawa nyimbo zenyewe za mapasa angependa asizisikie, maana ni matusi matupu. Kwa Waluba wenzake, aliyezaa pacha hutukanwa kwa wimbo hadharani, naye hujibu kwa tusi zito zaidi, matako na viuno vikitajwa bila haya, wala anayetukanwa hana ruhusa ya kununa. Akinuna, watu huuliza hao pacha aliwaokota wapi.

Nyimbo hizo alizirithi kwa mama yake. Basi mwaka huu habari zikafika kwamba kule milimani, ng'ambo ya Likasi, kutakuwa na juma zima la mafunzo ya nyimbo za kienyeji, watu wakilala palepale misheni. Kolwezi ingetoa kiongozi mmoja wa nyimbo za mapasa, na sauti yake ingerekodiwa ihifadhiwe. Mama Mbuyu alishika kiuno akasema, "Hapo sasa!" Kifua kilikuwa kimeanza kumbana, na wanawe walikuwa hawataki kujifunza. Alitaka nyimbo za mama yake zibaki mahali kabla hajanyamaza.

Safari akaipanga mwenyewe. Kwa kuwa simu yake ilikuwa imezama katika ndoo ya kufulia, alitumia ya Fidélie, jirani ambaye yeye Mama Mbuyu alikuwa akimfundisha nyimbo zote bure, kama mdogo wake wa tumbo moja. Kwa simu hiyo aliongea na Tata Mathieu, mzee mwenye kuandaa mafunzo, na Yassini, dereva. Waondoke alfajiri, aliwaambia, kabla malori ya madini hayajaziba barabara ya Fungurume. Kila mtu abebe blanketi na sweta, maana mwezi wa sita baridi ya mlimani haiulizi umri. Unga wa bukari, ugali wa kwao, utoke nyumbani, kwani nani atashiba wali wa misheni juma zima? Na ngoma yake wasiifunge juu ya gari, waipakate ndani, la sivyo jua na upepo vitapasua ngozi. "Ndiyo, Mama Mapasa," waliitikia wanaume hao, ambao hawakuwa wamemwona hata siku moja.

Kisha Fidélie akaja na uso wa msiba.

"Yaya," alisema, akimwita dada mkubwa kama kawaida, "Tata Mathieu ameita ku simu. Safari banaisukuma mpaka mwezi wenye kuya. Ngoma ibakie kwangu, kwako kuko panya, itakula ngozi."

Mama Mbuyu akamshukuru. Akamshukuru, jamani! Na ngoma akamtwisha mwenyewe.

Siku chache baadaye, akiwa sokoni, wazo likamjia kwamba dereva anaweza kukodishwa na watu wengine kabla ya tarehe mpya. Akaazima simu ya Hawa, muuza vitenge, ambaye ni dada yake Yassini. Hawa akaiweka kwa sauti kubwa kwa sababu ya makelele.

"Yassini, ni miye Mama Mapasa. Ile siku mupya ya safari..."

"Mama Mapasa gani tena? Mama Mapasa niko naye hapa mu motokari. Tumeisha kupita Tenke."

Mama Mbuyu alikaa chini, juu ya vitenge vya watu. Hakuhitaji kuelezwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekula mpaka jina.

"Ule ni Fidélie!" alipiga kelele. "Hajazalaka mapasa! Iko na mutoto moja tu!"

Tata Mathieu, aliyekuwa garini humo, akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mama, shiye namba tunayojua ni ya huyu. Lakini mapasa inajulikanaka kwa matusi. Tukana, tusikie kama atajibu."

Mama Mbuyu, mpumbavu wa watu, akafurahi! Aliona haki imekuja yenyewe. Akasafisha koo, akaimba soko zima likageuka:

"Weye matako ya kinu kilitoboka, nani alikukopesha tumbo ya mapasa?"

Fidélie hakusita hata kidogo.

"Ni bwana yako alinikopesha, usiku, weye ukikoroma sawa treni ya Mutshatsha!"

Lilikuwa jibu la mama yake Mama Mbuyu, neno kwa neno, na kile kicheko kifupi cha puani kabla ya neno la mwisho, ambacho Mama Mbuyu alimfundisha Fidélie kwa wiki mbili nzima. Gari zima likapasuka kwa makofi. "Njo yeye! Ni yeye!" alisema Tata Mathieu. "Njo Mama Mapasa mwenyewe!"

Huko garini wakangoja kusikia mwenye kutukanwa atafanya nini.

Mama Mbuyu akacheka. Alicheka kwa nguvu, akipiga paja, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni, akaendelea kucheka mpaka simu ilipokatika.

"Mama," Hawa akamwuliza kwa woga, "amekuiba jina, na weye unacheka?"

"Ningenuna, Hawa," alisema, akijipangusa kwa ncha ya kitenge, "bangesema miye njo mwizi."