Nilifurahi Kuona Ndoo za Taka Hazina Kitu

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Mdogo wangu amekufa kwa sababu ya mdomo wangu, na mdomo huu nauonea kinyaa.

Nafanya usafi katika gesti moja hapa Same, karibu na barabara kuu. Jioni wanawake walikuwa wakisimama nje kusubiri madereva wa malori. Niliwachukia. Siku moja mgambo wakaja kuwakamata, wakawakuta wamechanganyika na wauza tangawizi.

"Mama, wote wanasema wanauza tangawizi," mgambo mmoja akaniambia. "Tutawajuaje?"

"Pekueni mikoba. Muuza tangawizi hatembei na kondomu."

Wakacheka. "Mama, wewe ungefaa kuwa afande."

Nikavimba kichwa. Wanawake wakapakiwa kwenye gari kama mbuzi wa mnada. Madereva waliokuja kwa ajili yao walibaki wanakunywa supu, hakuna aliyewagusa.

Tangu hapo kila msako ulianzia kwenye mikoba. Nami nikaona ndoo za taka vyumbani hazina tena kondomu. Nikamshukuru Mungu, nikadhani uchafu umepungua. Mashuka ya kufua yalikuwa mengi vilevile, wala akili haikunijia.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili. Aliniambia anapika mgahawani. Miaka ikapita, akaanza kukonda. Nikamsihi aende hospitali.

"Nitaenda, dada."

Hakwenda. Tulimzika kijijini kwetu Mhezi.

Baada ya mazishi, rafiki yake alinivuta nyuma ya jiko. "Dada, tulikuwa naye pale barabarani, usiku ukishatoka kazini. Hakutaka ujue. Tuliacha kubeba kinga kwa sababu ya kupekuliwa. Hata hospitali aliogopa kwenda, wakimuuliza kazi yake atajibu nini? Sijui nani aliwafundisha wale mgambo kuangalia mikoba."

"Ni mimi," nikamwambia.

Alinitazama, akaweka chini kikombe cha chai nilichompa, akaondoka.

Sasa nasikia watu wanaomba sheria za kuwakamata wanawake hawa zifutwe. Jirani zangu wanatema mate. Mimi nasema zifutwe. Nilizisaidia kazi kwa mdomo wangu, na sijaona uchafu zilioondoa. Zilimwondoa mdogo wangu.

Nawe ukiulizwa yupi akamatwe, nyamaza. Humjui aliyesimama pale.

Bado nafua mashuka ya gesti ileile. Madereva ni walewale. Asubuhi wananipa shikamoo, nami naitikia marahaba.