Namba Tano: Usiweke Nyasi

Kitabu changu cha kwanza kuchapishwa kina kurasa nne, na nusura kimwaibishe baba yangu mbele ya wakwe. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanihurumia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Hapa Karagwe hiyo maana yake ni kwamba risala za harusi, barua za kuomba kazi na matangazo ya vikao vyote huishia mezani kwangu. Basi siku moja akaniita mwenye duka la vifaa pale Kayanga, mzee mcheshi ambaye babu yake alitokea Tanga. Alikuwa ameagiza mashine za kukamulia juisi: pipa la chuma kisichoshika kutu, mapanga ndani, mpini wa kuzungusha kwa mkono, na bomba chini. Zilikuja na karatasi ya maelezo yenye maandishi ambayo hata ukiyageuza juu chini hayabadiliki. Pichani kulikuwa na mtu anayetabasamu, nanasi, mshale, na glasi.

"Mwalimu," akasema, "niandikie ya Kiswahili, tena ya ndizi. Mtu ambaye hajawahi kuiona hii mashine asome, aelewe, akamue."

Nikamuuliza kama yeye anajua ndizi zinakamuliwaje. Akacheka. Akasema yeye ni Mwislamu, mambo ya rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, tuulizane sisi wenyewe. Yeye anauza mashine ya juisi, na juisi ikishatoka, huko mbele hayupo.

Hata mimi nilikuwa sijui, ila sikumwambia. Kwetu Kituntu kukamua pombe ni kazi ya wanaume. Ndizi za pombe zikishaivishwa shimoni humenywa, humwagwa kwenye mtumbwi wa mti, na wanaume huingia na kuzikanyaga pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Wasichana tulifukuzwa. Nikiwa na miaka tisa nilichungulia juu ya uzio, baba yangu mdogo akanirushia ganda la ndizi, likanipata katikati ya paji la uso. Tulichoruhusiwa ni kuleta maji, na baadaye kuchuja. Kwa hiyo ujuzi wangu wote wa nyasi ulikuwa ni kuzitoa kwenye chujio, na wakati mwingine kwenye meno.

Nilipokaa kuandika, nikaona sasa zamu yangu imefika. Wanaume walewale wangeshika kijitabu changu na kunitii namba kwa namba. Namba ya kwanza hadi ya nne nilizitoa kwenye picha. Namba tano nikaitunga mwenyewe: "Usiweke nyasi wala majani ya aina yoyote. Nyasi ni uchafu, na ni ushamba." Kwenye karatasi ya kiwandani hakukuwa na neno nyasi. Neno ushamba ndiyo kabisa. Niliweka nukta pale kwa raha zangu.

Mnunuzi wa kwanza akawa baba.

Baba anajulikana kwa rubisi kutoka Kituntu hadi Bweranyange, lakini tangu mwaka uliopita magoti yalikuwa yamemgomea. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa tunamuaga mdogo wangu wa kike. Wakwe walikuwa wanatoka Bugomora, kule Kyerwa, na wakwe wa Bugomora hawapokelewi kwa soda. Mwenye nyumba hutoa rubisi iliyokamuliwa nyumbani kwake. Akinunua ya mtu, watajua kwa kunusa tu, watakunywa kwa adabu, kisha watalisema jambo hilo mpaka wajukuu walisikie. Kaka zangu wanaoishi Mwanza, ambao wangeweza kumkanyagia, wangefika Ijumaa jioni, na wakati huo rubisi inatakiwa iwe imeshalala ikichacha. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo ilikuwa siku, na tegemeo lilikuwa mashine pamoja na kijitabu changu.

Niliomba ruhusa shuleni nikashuhudie ushindi wangu.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda, miwani puani, kijitabu mkononi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Ndizi zilikuwa tayari zimemenywa, zimejaa beseni tatu. Pembeni alikuwa ameweka tita la nyasi, limefungwa vizuri.

"Na hizi?" akauliza.

"Soma namba tano, baba."

Akasoma kimoyomoyo. Akairudia kwa sauti, na alipofika kwenye ushamba akanitazama kwa juu ya miwani.

"Haya," akasema. "Mashine ina desturi zake. Na kitabu umeandika wewe." Akazisukuma nyasi kando kwa fimbo yake.

Tukazijaza ndizi, nikazungusha. Bombani hapakutoka kitu. Nikazungusha tena. Nilipofunua mfuniko nikakuta uji, uji mzito wa kumlisha mtoto anayeota meno, na juisi hakuna hata ya kulowesha kidole. Nikasema bado, tuendelee. Nikazungusha kwa hasira, mpini ukakwama, nikauning'inia kwa uzito wangu wote, na ni mwili wa mwalimu anayekula vizuri, ukapinda. Nikachukua kijitabu kutafuta mtu afanye nini mpini ukipinda. Mwandishi hakuwa amewaza jambo hilo.

Baba akavua miwani, akaitia mfukoni. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwona akilini mwangu siku ya Jumamosi, amevaa koti lake la kanisani, akiwagawia wakwe soda huku anawaeleza habari za mashine.

"Huyu aliyeandika," akasema taratibu, "amewahi kukamua?"

"Hapana."

"Alimuuliza aliyewahi kukamua?"

"Hapana, baba."

"Hata mimi?"

Mwezi ule wote niliokuwa naandika, kila Jumapili baada ya ibada nilikula chakula cha mchana mezani kwake.

Akanyanyuka kwa fimbo, akaushika mtumbwi wake wa zamani uliokuwa umefunikwa kwa majani ya mgomba, akaufunua. "Nawa miguu."

"Baba, mimi ni mwanamke."

"Nilikuwepo ulipozaliwa. Nawa miguu. Na hizo kucha uzisugue."

Mama aliposikia hivyo akaenda kufunga geti, akakaa nje yake na ungo wa maharage. Kila aliyepita alimwambia kwamba mzee anaijaribu mashine na hataki watu.

Tukauhamishia ule uji wote mtumbwini, nyasi juu yake, nikakunja gauni, nikaingia. Ubaridi ulinipanda mpaka kiunoni. Nyasi zilinikata katikati ya vidole, nikateleza, nikaangukia mkono. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulikuwa unaota kwelikweli. Baba amekaa kigodani anaamuru kwa fimbo: "Usiruke, hii siyo kwaya. Kanyaga, sukuma, vuta." Nikakanyaga, nikasukuma, nikavuta. Na mara nikaona. Nyasi zilikuwa zinaukamata ule uji na kuushikilia, na juisi, ikikosa pa kujificha, ikaanza kujitenga, nyembamba, ya rangi ya asali, ikinizunguka vifundoni. Nyasi zile nilizoziita uchafu ndizo zinazokamua. Miguu ni ya kuzisaidia tu.

Nilifurahi kama mjinga. Baba akachota kwa kata, akaonja, akanipa. "Kumbe unaweza kusoma," akasema.

Jumamosi wakwe walikunywa. Msemaji wao, mzee mwenye kofia, alishusha kibuyu, akafuta midomo, akauliza ni nani aliyekamua, maana habari za magoti ya baba zilikuwa zimewafikia. Nilikuwa nimesimama pale na sinia. Baba akaniangalia, akageuka.

"Mashine," akasema. "Huyu mwanangu ndiye aliyeiandikia kitabu."

Wazee wanne wa Bugomora wakaomba kusoma kitabu hapohapo, na wakaapa kwamba Jumatatu watapitia Kayanga kununua mashine.

Jumatatu nilimfikia mwenye duka kabla hajafungua kufuli. Nikavikusanya vijitabu vyote. Akaniuliza vina kosa gani. Nikamwambia namba tano ina ushamba, na ni wa mwandishi.

Fundi aliunyoosha mpini. Safari hii nilijaribu kwanza, na nyasi ndani, baba pembeni, na kila hatua niliuliza kabla ya kuandika. Ilikamua. Polepole, lakini ilikamua. Nikaandika upya, nikampelekea asome. Akasoma kurasa zote nne, akanirudishia.

"Umesahau namba moja."

"Ipi? Ndizi zipo, nyasi zipo, mpini upo."

"Kunawa miguu."

"Baba, mashine haina miguu."

"Ikikwama je?"

Nikaandika. Sasa watu wa Bugomora huniuliza kwa nini maelezo ya mashine inayozungushwa kwa mkono yanaanza na kunawa miguu. Nawaambia wamuulize baba. Naye huweka miwani, hufungua ukurasa wa kwanza, na kuwaambia kitabu ndivyo kinavyosema.