Nilichosema Mbele ya Muuza Samaki

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau. Boti yetu, iliyokuwa ikishuka mto Lualaba kutoka Bukama, ilisimama kwenye mji mdogo wa wavuvi, tukaruhusiwa kushuka kidogo kununua samaki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na domo kubwa kuliko akili.

Nilikuwa na Mama Anjela, jirani yetu wa kambi ya wafanyakazi Kolwezi. Kazi za mgodi zilikuwa zimekufa, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakifukuzwa mkoani kwetu, hata waliozaliwa hapo kama yeye. Alikuwa anakimbilia kwa dada yake Kongolo. Mama yangu alinituma nimsindikize kama binti yake, niongee mimi, yeye anyamaze asije akajulikana asili yake.

Sasa kule kambini tulizoea kutajana asili kwa utani, tukichekana vyakula. Basi nilipofika mbele ya muuza samaki mmoja, mwanamke mzee, nikajisahau. Nikamwambia anichagulie wanono, maana mama huyu huwapika kama wanavyopika kwao Kasai.

Watu wa soko wakageuka kututazama. Vijana watatu wenye fimbo wakaja kuuliza ni nani huyo wa Kasai. Mama Anjela alinishika mkono.

Yule mzee wala hakuinuka. Alimsukumia Mama Anjela kisu na beseni la samaki, akawaambia vijana, "Huyu ni muke ya mutoto wangu. Ule musichana anasema maneno ya bure. Mutuache, tuko na kazi."

Mama Anjela akaanza kupara magamba, kichwa chini. Vijana walisimama pale muda mrefu, kisha wakaenda zao. Ndipo mzee akanitazama.

"Kinywa yako ilitaka kuua mutu," akaniambia. "Asili ya mutu, mwenyewe ndiye anaisema."

Tuliporudi botini, Mama Anjela hakunigombeza. Alihamia upande wa pili wa boti, na nilipomfuata, akauweka mzigo wake katikati yetu. Mpaka Kongolo alikuwa akiniogopa mimi, mwanangu, mimi niliyetumwa kumlinda.

Kwa hiyo usitaje asili ya mwenzako mbele ya watu, hata kwa kumsifu, hata siku za amani. Mwachie mwenyewe. Na Mungu akujalie, popote utakapoketi, jirani yako asiwe na sababu ya kusogea mbali nawe.